Baraza la Nyumba: Pesa isitangulie karatasi

Salamu kutoka mwisho wa reli. Mwezi huu maswali yamefurika, mengine meseji, mengine nimekabidhiwa mkononi pale soko la Mwanga yameandikwa nyuma ya risiti ya cementi, na karibu yote yanazunguka jambo moja tu, nyumba ya kwanza. Kwa wasionijua, mimi nilikuwa dalali wa nyumba na viwanja hapa Kigoma na Ujiji zaidi ya miaka ishirini, magoti yakagoma kupanda vilima vya mji huu nikaacha, sasa nakaa barazani najibu barua. Wakili sio mimi, nawaambia tu nilichokiona na nilichojifunza kwa kuumia, na kwa kuumiza watu pia, hilo sifichi.

*

Shikamoo Mzee wa Baraza. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, mume wangu ana bodaboda. Tumepanga vyumba viwili Mwanga na mwenye nyumba kila mara anataka ya miezi sita kwa mpigo. Tuna akiba milioni 11, hata mimi mwenyewe sijui tumeziwekaje. Mshahara wangu ni laki tisa kabla ya makato na bodi ya mikopo bado inanikata. Tumepata nyumba Buzebazeba, vyumba vitatu, milioni 32, ina ofa tu, ile barua ya kupewa kiwanja, haina hati. Benki moja wameniambia nichukue mkopo wa nyumba, wengine wanasema wa mshahara, shoga yangu yeye anasema kuna app kwenye simu wanatoa fasta bila maswali. Tufanyeje? Na tukishalipa nyumba inakuwa yetu lini hasa?
Mwalimu, Gungu

Marahaba mwalimu. Hiyo app ya shoga yako tuitoe mezani kwanza, hiyo ndo kausha damu yenyewe, mkopo wa riba ya kunyonya, hela ya wiki mbili unataka kununulia kitu cha miaka hamsini, hapana. Na wakati mwingine anayekwambia bila maswali muulize wewe maswali.

Sasa tukae kwenye hesabu maana watu wengi wanaanza na nyumba afu wanamalizia na hesabu. Laki tisa yako ukitoa PAYE yaani kodi ya mshahara, PSSSF ya pensheni, bima ya afya, chama, na ile asilimia 15 ya bodi ya mikopo, unabaki na kama laki tano na themanini mkononi. Na utaratibu ni kwamba mtumishi lazima abaki na theluthi ya mshahara wake, kwako wewe ni laki tatu. Kwaiyo nafasi yako ya kukatwa ni kama laki mbili na themanini hivi kwa mwezi, haizidi hapo hata afisa mikopo awe binamu yako.

Una milioni 11, nyumba ni 32, unapungukiwa 21, tuseme 20 hesabu iwe nyepesi. Riba ya mikopo ya nyumba kwetu inacheza 15 mpaka 19 kwa mwaka, tuchukue 16. Milioni 20 kwa miaka 15 ni karibu laki mbili na tisini na nne kila mwezi, na ukimaliza utakuwa umerudisha kama milioni 53. Hiyo hiyo kwa miaka 10 ni laki tatu na elfu thelathini na tano kwa mwezi na jumla inakuwa milioni 40 na kidogo. Umeona hapo? Elfu arobaini na moja ya kila mwezi, hela ambayo mumeo na bodaboda yake akiwa na siku nzuri anaipata, inakuokolea karibu milioni 13. Mi kila nikimuonyesha mtu hii hesabu anakaa kimya kidogo. Lakini ona pia kwamba yote mawili kwako hayaingii, ile ya miaka 15 inakuzidi kwa elfu kumi na kitu na ile ya 10 ndo kabisa.

Na kuna jambo la pili ambalo huyo wa benki ya kwanza labda hakukuuliza. Mkopo wa nyumba, ule wa nyumba yenyewe kuwa dhamana, benki wanaandikisha rehani kwa Msajili wa Hati, bila hati hakuna cha kuandikisha. Nyumba ya ofa tu haiwapi usingizi. Huku kwetu nyumba nyingi ziko hivo, ofa, au karatasi ya mauziano iliyokunjwa kwenye mfuko wa nailoni tangu enzi hizo, kwaiyo mtu anakwenda benki na ndoto ya miaka 15 anatoka na mkopo wa mshahara wa miaka 7. Ukichukua huo wa mshahara kwa miaka 7 kwa riba ile ile, laki mbili themanini yako inakubebea milioni 14 tu. Ongeza 11 zenu unapata 25. Toa milioni 2 za gharama za makaratasi na toa nyingine moja na nusu ya kukaa nayo maana siku ya kuhamia ndo siku bomba la choo linapasuka. Unabaki na 21 na kitu. Hiyo ndo nyumba yako mwalimu, ya milioni 21, sio ya 32. Najua haifurahishi.

Lakini usikate tamaa nina njia mbili. Ya kwanza, rudi kwa huyo muuzaji umwambie kwa milioni 32 nataka nyumba yenye hati, ya ofa bei yake ni nyingine. Mnaandikiana kwa wakili kwamba unaweka kianzio kidogo, hela inakaa kwa wakili haiendi kwa muuzaji, yeye anafuatilia hati kwa jina lake, ikitoka ndo mnaendelea, isipotoka ndani ya muda mliokubaliana kianzio chako kinarudi. Wengi watakataa, na anayekataa kwa hasira sana amekuambia kitu bila kusema. Njia ya pili ni pagale. Kuna watu wamejenga wakafika kwenye linta wakachoka, anauza kiwanja kilichopimwa na kuta zake kwa bei ambayo hata tofali na mawe ya msingi hazijarudi. Unanunua, unaezeka, unamaliza vyumba viwili na choo, mnahamia na vumbi, sebule itajiju baadae. Nusu ya Gungu imehamiwa hivo. Kodi ya miezi sita mliyokuwa mnampa mwenye nyumba inakuwa plasta.

Umeuliza inakuwa yenu lini. Hapa ndo pesa nyingi zinapotea kwasababu watu wanadhani ni siku ya kuhesabu hela. Hapana. Mauziano ya ardhi lazima yawe ya maandishi, hilo la kwanza, maneno ya mbele ya mashahidi na chai hayatoshi. Kama nyumba ina hati, inakuwa yenu siku Msajili anapoandika jina lenu, kabla ya hapo mna mkataba na mna matumaini. Kwaiyo malipo yapangeni yafuate karatasi. Kabla ya hata shilingi moja nenda ofisi ya ardhi na namba ya kiwanja na kitalu, lipia upekuzi, kiasi chake ni kidogo ukilinganisha na unachookoa. Upekuzi unakuonyesha jina la mmiliki, kama kuna rehani ya benki, kama kuna zuio mtu ameweka, na kama kodi ya pango la ardhi inadaiwa. Afu nenda na mpima mkayatafute mawe ya mipaka, sio kuonyeshwa kwa kidole mpaka ni pale kwenye mpapai. Nimewahi kuona mpapai umehama.

Upekuzi ukitoka safi, mkataba kwa wakili, kianzio. Muuzaji anajaza fomu zake za uhamisho, ile ya 29, ya 30 na ya 35, mwenza wake anaridhia kwa kiapo, mthamini anatoa thamani, mnakwenda TRA, watu wa kodi. Pale kuna kodi ya ongezeko la mtaji, ni asilimia 10 ya faida na kisheria ni ya muuzaji, sio yako. Alinunua kwa milioni 9 anauza 32, faida ni 23 ukiacha alichoongezea kwenye jengo, kwaiyo kama milioni 2 na laki tatu. Wauzaji wanapenda kuandika kwenye mkataba "kodi zote juu ya mnunuzi" kwa herufi ndogo, soma huo mstari mara mbili. Na kama nyumba aliimiliki miaka mitatu au zaidi na aliishi humo kwa jumla ya miaka mitatu, na faida haizidi milioni 15, anaweza asidaiwe kabisa, basi asikutishe nayo. Ya kwako ni ushuru wa stempu, asilimia 1, kwa 32 ni laki tatu na ishirini, na ada za usajili. Sehemu kubwa ya hela uitoe pale cheti cha TRA kimetoka na hati ya asili iko kwa wakili, na uache bakaa ya kutolewa ukikabidhiwa funguo. Benki kwa benki, sio begi. Mtu alibeba milioni 18 kwenye mfuko wa rambo toka Mwanga mpaka Ujiji kwa daladala ili asilipe makato ya kutuma, mimi ndo nilikuwa nimekaa nae siti moja, sijawahi kutokwa jasho vile.

*

Mzee salama? Kuna nyumba ya zamani Ujiji, vyumba sita na baraza, bati jipya. Anayeuza ni mtoto wa marehemu, wako wanne, anasema wenzake wote wamekubali na ana muhtasari wa kikao cha ukoo umegongwa muhuri. Milioni 24. Anataka tumalize wiki hii maana anasafiri.
Mwenye haraka, Kitongoni

Mwenye haraka ni wewe au ni yeye?

Kikao cha ukoo kinapendekeza tu, anayeteua msimamizi wa mirathi ni mahakama. Huo muhtasari ni karatasi ya kwenda nayo Mahakama ya Mwanzo kufungua mirathi, sio karatasi ya kuuzia nyumba. Mpaka kuna mtu ameteuliwa na mahakama na ana barua yake ya uteuzi, nyumba ya marehemu haina muuzaji, ina watoto. Na hata huyo msimamizi sio mwenye mali, anauza kwa ajili ya warithi wote, kwaiyo unataka kuona barua ya uteuzi, unakwenda mahakama iliyoitoa unawauliza hili faili mnalijua, na unataka sahihi za warithi wote wakijitaja majina, mbele ya wakili.

Ngoja niwaambie kitu nilichofanya mimi. Miaka hiyo niliuza nyumba kama hiyo, Ujiji huko huko, kijana ana muhtasari, mihuri mitatu, wajomba wawili mashahidi wamevaa kanzu safi, mimi nikachukua udalali wangu nikaenda kununua bati. Mnunuzi fundi cherehani, mtu mpole. Miaka miwili imepita anashuka mama mmoja kwenye boti kutoka Kalemie kule Kongo, begi moja, cheti cha ndoa cha mama yake na picha ya mzee akiwa kijana, ni mtoto wa mzee kwa mke wa kwanza aliyebaki ng'ambo. Na ni kweli, wazee wa mtaa walimjua wakaanza kulia. Hakuna mahakama iliyowahi kuulizwa, kwaiyo hakuna tangazo lililowahi kubandikwa ambalo angeambiwa na mtu. Fundi alizunguka na kesi mpaka akachoka akaishia kumlipa yule mama milioni nne ambazo hakuwa nazo, mimi nikarudisha udalali wote na bado nikipita kwake naangalia upande wa pili. Mji huu familia zake ziko pande zote za Ziwa Tanganyika, Uvira, Bujumbura, Kalemie, "tuko wanne" ni kauli ya mtu mmoja.

Kingine, ingia ndani mpaka uani. Ukikuta kuna bibi anapika chumba cha nyuma usiseme shikamoo ukapita, kaa chini umuulize yeye ni nani wa marehemu. Kama ni mjane ana fungu lake kwenye hiyo mali, na kama hajasaini basi kijana anauza na sehemu ya mama yake. Ukinunua na bibi ndani utamtoa na nani?

Kijana asafiri tu. Nyumba haina miguu.

*

Mzee nimetangaziwa nyumba karibu na ziwa kule Kibirizi bei ya kutupa, mwenyewe anasema maji yalishapanda yakarudi hayaji tena. Mimi nauza mgebuka kwaiyo pangenifaa sana kwa kazi.
Muuza samaki

Mama, ziwa hilo halina mkataba na mtu. Maji yake yana mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga, upande wa Kongo pale Kalemie, na huo mlango ukiziba au mvua zikizidi yanapanda hapa kwetu. Mzee Livingstone na Stanley walikutana Ujiji mwaka 1871 karibu na maji, leo ukienda pale kwenye mnara wa kumbukumbu ziwa liko mbali unalitafuta kwa macho, maana miaka michache baadae Lukuga ilifunguka maji yakashuka. Afu mwaka 2020 na 2021 tukaona yanarudi, watu wa pwani ya ziwa wanajua, nyumba zimeingia maji, mialo imehama. Kwaiyo huyo anayesema hayaji tena ni mtabiri.

Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inataka mita 60 kutoka ukingo wa ziwa pasifanyike shughuli za kudumu. Nyumba ikiwa ndani ya hapo hati hupati, na likija suala la kuondolewa unaanza kubembeleza fidia ambayo huna karatasi ya kuidai. Uliza majirani, sio muuzaji, maji yalifika wapi, watakuonyesha mstari ukutani. Angalia na shimo la choo linajaa lini. Panga chumba Kibirizi kwa ajili ya biashara, nyumba ya kununua panda nayo juu huko.

*

Mzee wa Baraza, mke wangu anataka jina lake liwe kwenye hati na hela nyingi ni yangu. Ni lazima?
Baba Watatu, Katubuka

Lazima sio, ila nikuulize, siku ukifa unataka nani ahangaike? Mkiandikwa wote kama wamiliki wa pamoja, mmoja akiondoka anayebaki ndo mwenye nyumba, hakuna kikao cha ukoo hakuna muhtasari, soma tena barua ya yule wa Kitongoni. Mkiandikwa kwa hisa, fungu la aliyekufa linakwenda kwa warithi wake, hii inafaa kama una watoto wa nje ambao hutaki waachwe. Na hata jina likiwa lako peke yako usidhani umemaliza, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema nyumba mnayoishi na mkeo huwezi kuiuza wala kuiweka rehani bila ridhaa yake. Yani anaweza kukuzuia, tofauti ni kwamba atakuzuia kwa hasira. Halafu hii "hela nyingi ni yangu", nani alikuwa anapika wakati unaiweka?

*

Salamu kutoka Tabora mzee, huku kwenye miembe. Natafuta kiwanja na kibanda nje kidogo ya mji. Mawili. Mwenyekiti anasema lazima asilimia 10 ya mauziano iende ofisini kwake, na dalali anasema bei imepanda kwasababu ya SGR.
Kijana wa Ipuli

Hakuna sheria inayompa mwenyekiti wa mtaa asilimia 10 ya nyumba yako. Ni mazoea, na serikali imeshakemea mara nyingi. Kama mtaa una ada ndogo ya huduma ulizia risiti, karatasi ya serikali yenye control number, akianza kukohoa umeshajua. Lakini usimpite kwa kiburi, mwenyekiti na mabalozi ndo wanajua kiwanja kimeuzwa mara ngapi. Nenda kama mtu anayetafuta habari, mkataba uufanye kwa wakili. Na kama hapo nje ya mji ni kijijini bado, ardhi ya kijiji iko chini ya halmashauri ya kijiji, Sheria namba 5 ya mwaka 1999, lazima kikao kikae na muhtasari utoke, sahihi ya mwenyekiti peke yake nyumbani kwake usiku haina kazi.

SGR ya Tabora kuja huku Kigoma ni kweli, kilometa 506, mkataba ulisainiwa Desemba 2022, na mimi naisubiri maana nimechoka na basi. Lakini dalali anapokwambia "stesheni inakuja hapa" ujue nilishawahi kusema hivo mimi mwenyewe kuhusu barabara, barabara ikapita kilometa tatu pembeni. Nenda halmashauri uone mchoro wa mipango miji, uone njia ya reli inapita wapi na eneo la hifadhi yake linaishia wapi. Kiwanja kinaweza kuwa karibu na reli, au kikawa ndani ya reli, kwa mdomo wa dalali vyote vinaitwa karibu. Barabara kuu nayo vile vile, hesabu mita 30 toka katikati ya barabara kabla hujashangilia frontage, ule upande unaotazama barabara.

*

Mzee nimelipa, nina mkataba, nakabidhiwa nyumba Jumamosi. Kuna cha kuangalia au ndo nachukua funguo tu?
Mpangaji wa zamani, Rusimbi

Hongera sana, hii nimeipenda. Nenda mchana sio jioni, fungua bomba zote na taa zote. Piga picha namba ya mita ya LUKU na usome units, nunua umeme wa elfu mbili pale pale mbele yake uone kinakatwa nini, maana kodi ya jengo inakatwa humo, elfu moja mia tano kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na kama kuna deni la nyuma litajitokeza hapo na muuzaji hajaondoka. Bili ya mwisho ya maji uione imelipwa, na jina kule KUWASA, mamlaka ya maji, libadilishwe. Kama kuna mpangaji chumba cha uani ujue amelipa mpaka lini na alimlipa nani, hiyo miezi iliyobaki inatakiwa ihesabiwe kwenye bei, hawezi kula kodi ya Machi wakati nyumba ni yako toka Januari. Andikeni karatasi ya makabidhiano, milango mingapi, funguo ngapi, tenki lipo, sahihi mbili. Inaonekana ushamba ila kuna mtu alikuja kukuta muuzaji amerudi usiku amefungua na kuondoka na tenki la lita elfu mbili na geti.

Na vitasa badilisha jioni hiyo hiyo.

*

Dalali wangu anadai asilimia 10 kwangu, na nimegundua muuzaji nae amemlipa 10. Ni sawa?
Aliyeungua, Mwandiga

Mliandikiana? Kama hamkuandikiana kwa kawaida ya hapa analipa aliyemtuma kutafuta, na yeye kwanza alitumwa na muuzaji. Kumi huku na kumi kule hiyo sio udalali, hiyo ni urithi. Mpe nauli na vocha kwa kukuzungusha. Akikataa mwambie aje hapa barazani kwangu jioni baada ya swala, nitamkumbusha nyumba moja ya Ujiji, na akileta maneno zaidi nitamtaja na yule mjomba wa kanzu safi alikuwa mjomba wa nani.